Mgeni Aliyepanda Mikorosho

Mwanangu Hamisi,

Barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: unakoroma chumba cha pili na simu imekulalia kifuani. Mimi mzima. Wewe pia mzima, tena mzima kupita kiasi, maana mtu aliyesema uliyoyasema mbele ya wazee ingempasa akose usingizi japo kidogo. Basi salamu tumemaliza.

Asubuhi mjomba wako Rashidi atatuma pikipiki ikuchukue uende kwake Mbwemkuru. Nguo umepanga mwenyewe, umepanga vibaya, lakini sina haja ya kusemea nguo. Wala sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kuswali kwa wakati na kujihadhari na wanawake. Hayo utaambiwa na kila mpita njia, kwa sababu ushauri wa bure haujawahi kuadimika katika wilaya hii. Nataka nikuambie kwa nini nakudharau kidogo, kwa nini namdharau mjomba wako sana, na kwa nini kuna mtu wa tatu ninayemdharau kuliko nyinyi wote wawili. Mtu huyo ndiye anayekuandikia.

Nianze na kikao kile. Walikuja wajomba, na wajukuu wa wajomba, na wazee wengine ambao sijui walitolewa wapi, wakajaa uani kwetu kwenye mikeka aliyoisuka marehemu mama yako. Watu hao hao, mama yako alipokuwa anaumwa na sisi tukiwapigia simu, walikuwa wanasema mtandao unasumbua. Siku ya kikao mtandao ulikuwa mzuri sana. Walikula wali, wakala kuku, wakasifia pilipili ya dada yako Mwanahawa, halafu wakaanza kuitazama nyumba kuanzia bati mpaka msingi. Nilimwona mzee mmoja anaupima mlango kwa jicho. Sijui alitaka kuupeleka wapi.

Rashidi akasimama. Akasema dada yake amekufa, matanga yamekwisha, mwaka umepita, na kwa mila ya huku mwanamume aliyemfuata mke kwao, mke akifa, kazi yake imekwisha. Ardhi ni ya mama yao. Mikorosho imesimama kwenye ardhi ya mama yao. Watoto ni wa ukoo. Akasema Baba Mwanahawa anashukuriwa sana. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru fundi aliyemaliza kupaua, anayesubiriwa tu akusanye misumari yake aende. Halafu akasema, sasa mpwa wangu aseme na yeye, ni mtu mzima.

Nilikutazama, Hamisi. Sitaki ujifanye hukuniona. Nilikaa pale nikiwa na uhakika kwamba mtoto niliyembeba mabegani kwenda zahanati, mvua inanyesha, njia imekuwa tope, atasimama aseme neno moja la kunifaa. Hata lingekuwa la kijinga. Ukaivuta suruali yako inayoshuka, ukakohoa kidogo, ukasema, "Baba ni mgeni wetu. Mgeni hafukuzwi, ila mwenyewe anaijua siku yake."

Wazee wakaguna kwa furaha. Mmoja akasema mtoto amekua. Dada yako akainuka akaenda jikoni, tukasikia sufuria inaanguka. Mimi nilibaki nikitazama vidole vyangu vya miguu, na niligundua kwamba viatu vyangu vimechakaa kuliko nilivyodhani.

Baadaye ukanifuata nyuma ya nyumba ukaniambia, "Mshua, usimaindi. Ni mila tu." Hapo ndipo nilipokuchukia. Yale ya kikaoni ningeweza kuyameza, maana angalau yalikuwa na uzito wa watu wazima. Lakini kuvuliwa nyumba na shamba, halafu nibembelezwe kwa lugha ya vijana wa redioni, hilo lilinishinda. Nilikuchukia siku ile na siku zilizofuata, na ukiniwekea uji nilikuwa naunywa nikiwa nimekupa mgongo. Sasa imepungua. Haijaisha, usijidanganye, lakini imepungua.

Mwenyekiti wa kijiji alinivuta pembeni akaninong'oneza niende baraza la kata. Akasema sheria ya serikali inamtambua mtu aliyelima na kupanda, na kwamba mambo haya ya wajomba ni ya kizamani, nikienda nitashinda. Huenda. Yule bwana ananong'ona kila kitu, hata salamu, kwa hiyo sijui lini anasema kweli. Lakini sikwenda, na watu wanasema mimi Mmakua nimeogopa. Waache waseme. Ningekwenda, wangekuita wewe kuwa shahidi, na sikutaka kusikia tena ile sentensi yako, safari hii mbele ya karani. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba nilionywa mapema kabisa, na mtu aliyeonywa akakaidi hana uso wa kwenda kulia barazani.

Nilikuja Nandagala nikiwa kijana wa Ruponda mwenye baiskeli na shati la maua, nikijiona mimi ndiye mimi. Nilikuwa nazunguka minadani kununua ufuta. Mama yako nilimkuta anapepeta ufuta na ungo, na kwa kuwa nilikuwa mjinga nikamwambia anapepeta vibaya. Akanimwagia makapi kwenye shati. Nikaoa. Nikafanya kama wanaume wa kwetu wote wanavyofanya, nikamfuata mke kwao, nikajenga kibanda pembeni ya nyumba ya mama yake na kushika jembe. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nililipokea siku ya kwanza, na sasa wanataka nilirudishe.

Mwaka ule wa kwanza nilikusanya mbegu za korosho ili nipande. Bibi yako mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa hasemi na mimi uso kwa uso, kwa sababu mkwe haangaliwi usoni. Alikuwa akikaa ndani, nyuma ya mlango, na kuzungumza na binti yake kwa sauti ya kutosha mimi nisikie. Siku ile akasema, "Mwambie mumeo apande mbaazi. Apande ufuta, apande muhogo. Mkorosho asipande kwetu. Mbaazi hung'oka."

Mama yako akanitazama. Alijua nimesikia, na mimi nilijua kwamba anajua. Nikacheka. Nikasema moyoni, kikongwe hiki kina wivu, hakitaki mwanamume wa kuja awe na kitu. Nikapanda mikorosho. Nikapanda mpaka kwenye bonde, nikapanda mpaka karibu na makaburi, nikipima mistari kwa kamba kama mtu anayejenga msikiti. Sikuwa napanda kwa ajili ya korosho, Hamisi, nikuambie kweli. Nilikuwa napanda ili siku moja mtu apite aseme, hili ni shamba la fulani. Mtu wa kuja hupanda mazao ya msimu, akaondoka na msimu. Mimi nilitaka kuwa mwenyeji kwa nguvu, na nikaituma miti inisemee.

Bibi yako hakuwa na wivu. Mumewe mwenyewe, babu yako, alikuwa mtu wa kuja, na walipoachana aliondoka hapa akiwa na jembe begani na mkeka kwapani, baada ya kulima ujana wake wote. Yule mama aliliona jambo hilo likipita mlangoni kwake na hakutaka kuliona mara ya pili. Alikuwa ananihurumia kwa njia pekee aliyoruhusiwa, nyuma ya mlango. Nilikuja kulielewa hilo yeye akiwa kaburini, tena kaburini kwenye kivuli cha mikorosho yangu, na nadhani huko aliko anatikisa kichwa.

Sasa huyo Rashidi. Utaishi naye, kwa hiyo sipaswi kumsema, lakini nitamsema. Mjomba wako ni mwanamume anayekuja shambani na viatu vyeupe. Msimu wa palizi hayupo. Msimu wa kuipulizia mikorosho dawa ya salfa ana kifua. Korosho zikianza kudondoka, kifua kinapona, anatokea na pikipiki ya kukodi, anapiga honi tangu barabarani, anaokota korosho moja, anaitikisa sikioni na kusema, "Mwaka huu safi." Anaongea kwa sauti kubwa kwenye simu na watu ambao nina shaka kama wapo. Akikaa hawezi kukaa bila kutajataja ukoo, na ukimuuliza jina la mama wa bibi yake anaanza kukohoa. Anakutaka Mbwemkuru ukae chini ya jicho lake, ujifunze kuwa yeye, ili ukirudi Nandagala urudi kama mwenye shamba. Namdharau.

Lakini kuna siku moja ambayo sijawahi kuizungumza na wewe.

Siku uliyotoka jandoni ulikuwa mdogo, umekonda, umenyolewa, macho yako makubwa. Mlikaa kwenye mkeka mkiwa mmejipanga, mmeinamisha vichwa, kila mmoja akisubiri mjomba wake aje amfunike shuka mpya, amwinue na kumtembeza mbele za watu mpaka nyumbani. Mimi nilisimama nyuma na wageni. Hiyo ndiyo nafasi ya baba siku ile, nyuma na wageni, na nilikuwa nimekasirika kama mbwa. Nilimwomba Mungu Rashidi asije. Nisamehe, lakini nilimwomba. Nilitaka akose, ili mimi nipasue watu katikati nikufunike kwa mikono yangu na mila yao ife palepale.

Akaja. Honi tangu barabarani, viatu vyeupe, vumbi mpaka kwenye nyusi, mbuzi amefungwa nyuma ya pikipiki. Akakunjua shuka nyeupe yenye mistari ya kijani, akakufunika kuanzia kichwani, akakuinua. Uliegemea kwake. Nilikuona unaegemea. Nilimdharau saa ile kuliko siku zote, na bado namdharau, lakini alikuja.

Kikaoni hukuitoa ile sentensi hewani. Uliitoa kwa yule aliyekuja siku ulipokuwa unasubiri juu ya mkeka. Nimelifikiri hilo siku zote hizi na sioni namna ya kukulaumu sawasawa. Asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nilikuwapo, lakini nyuma na wageni.

Hapa ndipo nafika kwa yule mtu wa tatu. Mimi nina dada, au nilikuwa naye, shangazi yako Zaituni wa Ruponda. Ulimwona mara chache. Mumewe alivuka Ruvuma kutafuta maisha Msumbiji, akayapata, akayaoa, hakurudi. Akamwachia Zaituni mtoto mmoja, Yusufu. Sasa piga hesabu mwenyewe, maana kichwa unacho ukiamua kukitumia. Kwa Yusufu, mimi ndiye niliyekuwa Rashidi.

Na mimi sikutaka kuwa Rashidi. Nilijiona mtu wa kisasa. Nilikuwa nasema mbele za watu kwamba mwanamume anamlea aliyemzaa, kwamba mambo ya wapwa ni ujinga wa mababu, kwamba mimi wangu ni Mwanahawa na Hamisi basi. Nilikuwa nasema vizuri sana. Hata mwalimu wa madrasa alinisifu. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na kundu la kuonekana mpaka Nachingwea mjini.

Yusufu alipoingia jandoni, Zaituni alikuja hapa Nandagala kunikumbusha. Alikuja kwa lori la watu wa mbao, akashukia barabarani, akatembea sehemu iliyobaki. Mama yako akampikia, akala kidogo. Akanieleza siku ya kutoka, halafu akasema, "Kaka, mtoto hana baba. Mlango wake ni wewe."

Nikamwambia nitakuja. Nilisema bila hata kuinua kichwa, nilikuwa nasafisha mota ya kupulizia.

Unajua msimu huo ulivyo. Watoto wanatoka jandoni wakati wa baridi, na wakati wa baridi ndipo ubwiriunga unapoishambulia mikorosho, maua yanakuwa kama yamemwagiwa unga, na ukichelewa kupuliza salfa umepoteza mwaka. Mama yako aliniambia niende. Alisema salfa atapuliza yeye na vibarua, alfajiri, kabla upepo haujaamka, si kazi ya ajabu. Nikamwambia mwanamke hawezi mota. Akanyamaza. Alikuwa na namna yake ya kunyamaza inayochoma kuliko matusi, unaikumbuka.

Sikwenda. Siku ile Ruponda wanapiga ngoma, mimi nilikuwa kwenye mistari yangu ya mikorosho, uso wote njano kwa salfa, nikijisifu kwamba mimi ni baba anayewahangaikia watoto wake.

Yaliyotokea niliyasikia baadaye, na sikuyasikia kwa Zaituni, niliyasikia sokoni kutoka kwa watu waliokuwa wanacheka. Wajomba walikuja mmoja mmoja. Kila aliyekuja alimfunika wake, akamwinua, akaondoka naye, na ngoma ikawafuata. Mkeka ukabaki na Yusufu peke yake. Alikaa ameinamisha kichwa kama alivyofundishwa, maana mtoto haruhusiwi kuinuka mwenyewe. Watu wakasubiri, halafu wakaanza kuangaliana. Mwisho Zaituni, mwanamke, mama mtu, ambaye hapaswi hata kuukanyaga mkeka ule, akavua kanga yake ya juu akamfunika mwanawe na kumwinua.

Mtoto wa kiume akatoka jandoni amefunikwa kanga ya mama. Wenzake wakamwita Binti Zaituni. Walimwita hivyo shuleni, walimwita hivyo mpirani, walimwita hivyo mpaka alipoanza kuota ndevu, na wapo wanaomwita hivyo hata leo wakilewa uraka.

Baada ya mavuno nilikwenda kwao nikiwa na shati jipya na ndala. Mwanamume mzima, nimebeba shati na ndala za kuziba tundu la namna ile. Nyumba yenyewe ndiyo niliyozaliwa. Zaituni akanipokea vizuri mno. Akatandika mkeka mpya, akanipa maji kwenye bilauri ile ya kabatini ambayo mtu wa nyumbani haigusi. Akasema asante kwa shati. Halafu akamwita Yusufu aje anisalimie. Yule mtoto akaja, akanipa mkono kwa adabu, akasema, "Shikamoo. Karibu mgeni."

Hakuna aliyemrekebisha. Nikanywa maji.

Kwa hiyo siku ile wewe uliposema mgeni wetu, hukuwa wa kwanza, usijione mjanja. Neno hilo nililisikia zamani kwa mtoto mdogo kuliko wewe, na ni mimi niliyemfundisha. Nilikataa kuwa mjomba kwetu ili niwe baba huku, na huku baba ni mgeni, na kwetu nikajifanya mgeni mwenyewe. Nimekaa katikati kama mtu aliyeuza nyumba mbili akabaki na funguo. Wakati wa mazishi ya mama yako, mtani wetu wa Kingoni alinipigia kelele mbele za watu, Mmakua funga mizigo, kitanda kimevunjika. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa mtani haudhi. Nilicheka nikijua kwamba mizigo sina pa kuipeleka.

Zaituni alikufa miaka michache iliyopita. Hakuwahi kunitamkia neno juu ya siku ile, si zuri si baya. Nilikwenda kuzika, nikatupia udongo wangu, nikala, nikarudi kuwahi korosho. Ndiyo, nilirudi kuwahi korosho. Andika hilo pia kwenye kichwa chako.

Baada ya kikao chenu nilizunguka siku kadhaa nikitafuta ujasiri. Nilikuwa na namba ya Yusufu, nimepewa siku ya mazishi, sijawahi kuipiga. Yeye ndiye mwenye nyumba ya Ruponda sasa, ana mke na watoto, analima mbaazi na ufuta. Nilimpigia nikiwa nimesimama kule bondeni, kwenye mikorosho ya mwisho, ambako mtandao huja na kupotea. Nilijitaja jina kana kwamba ni mtu wa benki. Nikamweleza kwamba mke wangu amekufa, kwamba ukoo wa huku umesema, na kwamba ninatafuta pa kulala. Sikuweza kusema nisamehe. Neno lilikuwapo, ila nikaishia kumuuliza kama mvua imenyesha huko.

Nilidhani mtandao umekatika, nikaitazama simu. Haukuwa umekatika. Halafu akasema, "Njoo, mjomba. Hapa ni kwenu. Ila ile shuka yangu uje nayo."

Akakata.

Nilikaa chini, Hamisi. Nikalia kama mwanamke anayejifungua, na nikaulaani mkorosho niliouegemea, na nikamlaani Rashidi kwa mazoea. Nadhani ulinisikia, kwa sababu jioni ile uliniwekea uji bila kusema kitu na hukuitazama simu yako. Hilo nililiona. Ndilo lililofanya chuki ipungue.

Jana nilikwenda Ruangwa mjini kununua shuka. Nikataka ile nyeupe yenye mistari ya kijani, kama yako. Muuza duka akaniuliza ni ya mtoto wa umri gani, ili anipe saizi. Nikamwambia ana ndevu. Akanitazama akidhani namfanyia mzaha, halafu akanikunjulia kubwa kuliko zote. Iko kwenye mfuko wangu, juu ya nguo, nisije nikajifanya nimeisahau. Yusufu akiivaa, akinitupia usoni, akiwafunika watoto wake wakilala, ni shauri yake. Kazi yangu ni kuifikisha.

Mimi pia naondoka kesho, wewe ukishaondoka. Sikukuambia kwa sababu sikutaka unionee huruma kwa lugha ile yako. Nitachukua gari la Nachingwea. Jembe naliacha, wasije wakasema.

Sikuachii wosia. Nina jambo moja tu. Shabani wa dada yako anakua. Msimu ujao wa baridi au unaofuata ataingia jandoni. Baba yake ni kijana mzuri, amekuja kutoka Masasi kumfuata Mwanahawa, na juzi nilimwona anachimba mashimo ya mikorosho nyuma ya nyumba. Sikumwambia kitu. Nilijaribu, nikaona atanicheka kama nilivyocheka mimi. Siku ya Shabani kutoka, kijana huyo atasimama nyuma na wageni, na Shabani atakaa kwenye mkeka akikusubiri wewe. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, Hamisi. Hata ukikaa Mbwemkuru ukasoma udhaifu wote wa mjomba wako, na utausoma, maana hauko mbali, jua kwamba kuna mtoto anayekuhesabu wewe mjomba.

Itakuwa ni wakati wa salfa. Nakuambia itakuwa. Utaamka asubuhi uone maua yameshikwa na ule unga mweupe, vibarua wamechelewa, mota imegoma, na Rashidi atakupigia simu kwa sauti ile yake kwamba shamba kwanza, mambo ya ngoma baadaye. Na wewe utajiambia kwamba unalihangaikia shamba kwa ajili ya watoto hao hao. Mimi nilijiambia hivyo hivyo.

Acha mota ilale. Chukua shuka, uende. Hata kama ni ubwiriunga wa kumaliza kila ua, mstari kwa mstari, mpaka kule makaburini kwa bibi yako na mama yako, uache umalize. Niliyeipanda mikorosho hiyo ni mimi, sio Rashidi, sio ukoo, na mimi nimekuruhusu.

Baba yako,
wa Ruponda.